Kola ya Kerubo

Lorna, acha unalofanya usome. Ni Anyona, shemeji yako, ambaye Sabato ijayo alikuwa awekwe wakfu kuwa mzee wa kanisa.

Asubuhi ya leo, Sabato, alituma salamu kwamba tumbo linamsokota. Kanisa zima tukapiga magoti kumwombea. Magoti, Lorna!

Kumbe ng'ombe wake, Kerubo, alikuwa ameamka akitaka dume, na dume la maana liko Magwagwa. Anyona aliona kwamba akingoja kesho, Jumapili, atakosa ndama.

Sasa, Kerubo huvaa kola ya kisasa inayotuma habari kwa simu kila anapokwenda. Fomu ya kola ilitaka namba ya pili, ya mtu mwaminifu. Anyona akaandika ya mchungaji. Ya mchungaji!

Katikati ya mahubiri simu ikalia. Mchungaji akasoma kwa sauti: "Kerubo ametoka nje ya mipaka. Yuko Magwagwa."

"Wezi!" akapaza sauti. "Wanamwibia mgonjwa! Wanaume, twendeni!"

Wakarukia bodaboda na suti zao. Wakamkuta mgonjwa mwenyewe ameshika kamba, dume likiwa kazini.

"Ndugu Anyona, tumbo linaendeleaje?" mchungaji akauliza.

Anyona akang'aka: "Nani amewaruhusu kumpeleleza ng'ombe wangu?"

"Ni wewe, ndugu. Kwa sahihi yako."

Simu ikalia tena: "Kerubo sasa ametulia."

Wazee, kwa mazoea, wakaitikia: "Amina."

Wameamua atawekwa wakfu Kerubo akizaa. Tarehe haikutajwa. Mchungaji ataarifiwa na kola.