Baba, Naenda Kusomea Dawa ya Usingizi

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Ulipokuwa hai, barua zangu ulisomewa na kaka Kamugisha, na kwa sababu yake mengine nilikuwa siyaandiki. Hii haina msomaji katikati yetu. Nitasema yote.

Jumatatu naondoka Karagwe. Nitapanda lori hadi Bukoba, kisha meli hadi Mwanza, kisha gari moshi hadi Dar es Salaam. Naenda kusoma tena, mwaka mmoja na nusu, pamoja na wauguzi wengine waliokwisha kufuzu. Tutafundishwa kazi moja tu: kumlaza mgonjwa kwa dawa ili apasuliwe bila kusikia maumivu, na kumwamsha salama. Ndiyo ile ambayo watu huiita nusukaputi. Wewe ndiwe wa kwanza niliyetaka kumwambia, na ndiwe niliyeogopa zaidi kumwambia.

Nakumbuka siku uliyonipeleka shule. Ulitangulia na fimbo yako, mimi nyuma, na tangu tulipotoka nyumbani Isingiro hukutamka neno mpaka tulipofika. Mwalimu alikuuliza kwa nini unamleta msichana na wavulana wawili umewaacha na ng'ombe. Ukamjibu, "Wale wanajua kuchunga. Huyu akimwona ng'ombe mara moja hamsahau, hata awe wa watu wengine. Mpeni vitu vya kukumbuka." Kisha ukageuka ukaenda zako. Nililia, nikidhani umenikasirikia. Miaka mingi baadaye mama ndiye aliyeniambia kwamba siku mbili nzima ulikataa kwenda kunywa rubisi, pombe yetu ya ndizi, na wenzako.

Nilipoanza kuvaa sare, ulikuja hospitali ya misheni kunitazama. Nilikukaribisha kwenye benchi la wagonjwa, ukakataa. "Nikikaa hapo watanichoma sindano." Ulisimama mlangoni asubuhi nzima nikipima watu homa, na kila aliyepita ulimwambia, "Yule ni wangu." Niliona haya. Leo ningekuacha useme mpaka jioni.

Mwaka uliofuata wakakuleta kwa machela. Ngiri uliyoificha miaka yote ilikuwa imejibana, na tumbo limevimba kama ngoma. Wanaume wanane walipokezana kukubeba siku moja na nusu, mama akifuata nyuma kwa miguu. Daktari alisema upasuliwe mchana ule ule. Dresa mkuu, msaidizi wa daktari, ambaye ndiye aliyezoea kutoa etha, ile dawa ya kulaza, alikuwa amekwenda kwao kwenye msiba. Baada yake, mtu pekee aliyewahi kuifanya kazi hiyo nilikuwa mimi, mara saba, na zote nikiwa nimesimamiwa. Daktari akaniuliza, "Unaweza? Ni baba yako." Nikajibu naweza. Hapakuwa na mwingine.

Kabla ya kukuingiza nilitakiwa kukuuliza jambo moja. Nilipiga magoti kando ya machela, nikakuita kwa lugha yetu, "Tata, tangu jana umekula au kunywa kitu chochote?"

Ulikuwa umefumba macho kwa maumivu. Ukasema, "Mimi si mtoto wa kuulizwa hivyo."

"Ndiyo, waitu," nikajibu kwa neno letu la heshima kwa mzee, nikainuka.

Angekuwa mgonjwa mwingine ningerudia. Ningewauliza na waliombeba. Wewe nilishindwa. Binti hamuulizi baba yake neno mara mbili. Hivyo ndivyo nilivyolelewa, na wewe ndiwe uliyenilea.

Nilikuwekea kinyago cha waya puani, shashi juu yake, nikadondosha etha tone kwa tone huku kidole changu kiko kwenye mshipa wa shingo yako. Ulilala vizuri. Wewe ulitapika daktari akiwa amekwisha kuufikia utumbo. Yalikuwa maziwa, Baba, mengi, yameganda. Tulikugeuza upande, tukakusafisha kinywa, tukavuta kwa pampu ya mguu, lakini mengine yalikuwa yameshaingia mapafuni. Upasuaji wenyewe ulikwisha salama. Uliamka, ukanitambua. Siku ya pili uliniita karibu, nami nikadhani unataka kuniuliza nilifanya nini. Ulisema tu, "Yule ng'ombe mwekundu anakaribia kuzaa. Mwambie Kamugisha asimpeleke malisho ya mbali." Siku ya tatu homa ya mapafu ikakuchukua.

Baada ya mazishi daktari aliniita. Alinieleza kwamba utumbo ukibanwa muda mrefu hivyo, chakula hakishuki. Hata kama usingekunywa kitu ungeweza kutapika. Nilimsikiliza, nikamshukuru, sikumwamini. Niliona ananihurumia. Nikaomba zamu za wodi ya wazazi, na kwa miezi mingi sikukanyaga chumba cha upasuaji.

Kilichonirudisha ni mama mmoja wa Kituntu ambaye mtoto wake alikwama wakati wa kujifungua. Dresa mkuu alikuwa kitandani na malaria. Daktari hakuniuliza kama naweza; alinitazama tu. Nilimuuliza mgonjwa kama amekula. Hapana. Nikamuuliza mumewe. Hapana. Nikamgeukia mama mkwe, nikamuuliza mara ya kwanza, ya pili, ya tatu.

"Wewe mtoto, unatuona sisi waongo?" akafoka.

"Sivyo, mama. Nauliza kwa sababu siku moja sikurudia kuuliza, nikampoteza mtu."

Alinitazama, akashusha sauti. "Nimempa uji njiani. Alikuwa hana nguvu."

Tulipitisha mpira tumboni kwanza, tukautoa ule uji, ndipo nikamlaza. Aliamka akiwa na mtoto wa kike. Wiki ile daktari akaandika jina langu kwenda Dar es Salaam.

Tangu hapo ni matayarisho. Kitabu nilichopewa ni cha Kiingereza, nacho ni kizito. Kila siku nasoma kurasa mbili nikiwa na kamusi. Fundi Salum, yule mtu wa pwani mwenye cherehani barazani pa duka, amenishonea sare tatu. Nilipompa kitambaa kizito alikirudisha. "Binti, hicho ni cha baridi ya kwenu. Huko kitakuchemsha." Ameniandikia na jina la dada yake wa Kariakoo, ili nisikae kama mgeni asiye na mtu.

Kwa mama nilichelewa kwenda. Nilimkuta anamenya ndizi. Nilipomwambia naenda kusomea nini, kisu kilisimama mkononi.

"Kazi ile ile?"

"Ile ile."

Hapo nikamweleza yote: kwamba nilikuuliza mara moja tu, kwamba niliona aibu kurudia. Hayo yote sikuwa nimemwambia mtu yeyote. Hakunitazama.

"Maziwa nilimpa mimi," akasema. "Tulipumzika kwa shangazi yako, nikayaomba. Baba yako hakuyataka. Nikamwambia, mtu hafiki mbali na tumbo tupu. Akanywa kwa ajili yangu."

"Mbona hukusema, mama?"

"Ulimuuliza yeye. Mimi hukuniuliza. Halafu alipokufa, ningeanzaje kusema?"

Nilikuwa nikidhani mzigo ule ni wangu peke yangu. Kumbe kila nilipokuja likizo nilikula kwake, nikalala kwake, naye ana wake, kila mmoja akimficha mwenzake. Nikamshika mkono, nikamwambia maneno ya daktari, kwamba hata bila maziwa ungeweza kutapika.

"Ni kweli," akauliza, "au unanituliza?"

"Sijui, mama. Daktari alisema ni kweli. Nikimaliza masomo nitakuwa nalijua jambo hilo mwenyewe, nami nitakuambia kama lilivyo."

"Hata likiwa baya?"

"Hata likiwa baya."

Aliutoa mkono wake mkononi mwangu. Kisha akaanza tena kumenya. "Basi nenda. Na ukisome hicho kitabu vizuri, usije ukanirudia na majibu nusu."

Hiyo ndiyo ruhusa ninayoondoka nayo, Baba. Ya kwako siwezi kuisikia, na sitajidanganya kwamba nimeisikia. Naogopa Kiingereza, naogopa mashine wanazosema ziko huko, lakini woga huo haunizuii tena.

Pumzika kwa amani. Lori linapita hapa Isingiro Jumatatu asubuhi, na mama amesema atanisindikiza hadi barabarani.

Ni mimi,
Binti yako wa pekee