Shangazi Alipokataa Kuandikwa "Nyingine"

Shangazi Milembe,

Shikamoo. Najua ungeitikia kisha uniulize kama nimekula. Nimekula, usihangaike.

Nakumbuka siku ile Rwamgasa nilipokuletea simu ukiwa umekaa kwenye rundo lako la mawe, nyundo mkononi. Nilikuwa najisikia mno! Maneno yote ya ile programu ya simu ya kuandikisha wachimbaji wa dhahabu niliyaandika mimi, msomi wako, nikataka uyasome wewe kwanza. Asiyeandikishwa angekosa nafasi kwenye eneo jipya la kuchimba la kikundi chenu, nawe ulilisubiri eneo hilo miaka mingi.

Ukafika palipoulizwa kazi. Mwenye duara, yaani mwenye shimo. Mchimbaji. Nyingine. Ukapandisha, ukashusha. Nikakuambia, "Bonyeza Nyingine tu, Shangazi." Loo! Ukanirudishia simu. "Nimeponda mawe mpaka vidole vimepinda, leo niandikwe Nyingine? Nyingine ndiyo kazi gani?"

Niliona aibu. Ulinisomesha kwa mawe hayo hayo, halafu mimi ndiye niliyekusahau.

Wala hukununa. Uliwaita wenzako wanaoponda, wanaoosha mchanga, na mama anayewapikia, kila mmoja aitaje kazi yake kwa mdomo wake, mimi niandike. Ukanikataza pia kuweka "Umekosea!" kwa maandishi mekundu. "Mtu mzima hagombezwi na simu," ulisema. Nimekaa na wasomi wengi, Shangazi, sijaona mwalimu kama wewe.

Uliandikishwa: mponda mawe. Ukacheka hadi ukakohoa. Kikohozi kile... basi.

Eneo limegawiwa. Wenzako wote wamepata nafasi, hata mama wa chakula ana kibanda chake. Wewe hukuliona, na hilo linaniuma kuliko yote.

Jana katibu wa kikundi aliniomba nilitoe jina lako kwenye orodha. Nikabonyeza, simu ikaandika: "Futa mwanachama. Taarifa zake zitapotea." Maneno yangu mwenyewe hayo! Nililia pale pale mbele ya katibu wa watu, maskini hakujua afanye nini.

Nimeyabadilisha. Sasa yanasomeka: "Mwenzetu huyu amefariki. Poleni. Jina na kazi yake vitabaki." Wewe ndiye wa kwanza kuandikwa hapo.

Pumzika, Shangazi. Nakuahidi sitamwandikia mtu neno kabla sijakaa naye chini nikamsikiliza. Wabeja sana kwa kunilea.

Mwanao,
Nyamizi