Albamu ya Lonnie na Jina la Baba

Ijumaa, 14 Juni

Albamu ya Lonnie imetoka leo. Baba aliamka kabla yangu, akavaa shati la kanisani juu ya nguo zake za kulalia, akaketi jikoni kando ya redio. Mdogo wangu — kutoka bonde hili letu la Kentucky hadi studio za muziki za Nashville!

Albamu inaitwa Mkanda wa Baba. Mzee akacheka. "Mkanda upi, na mimi navaa ovaroli tangu ujana?"

Kisha nyimbo zikaanza. Baba mlevi anarudi nyumbani. Baba mlevi anavunja sahani. Watoto wawili wanakimbilia basi la shule lililoegeshwa uani, wanajificha humo wakitetemeka kwa baridi, huku yeye akiwasaka. Gitaa moja tu, fidla kwa mbali. Sauti ya Lonnie nzuri mno — hilo siwezi kumnyima.

Baba aliacha kucheka. Hakuzima redio. Mkate wa mahindi niliomkatia ulibaki sahanini.

Jumamosi, 15 Juni

Niandike hapa, maana sina wa kumwambia.

Baba hajawahi kuonja hata bia. Aliyekunywa ni Mama. Aliyetupiga ni Mama, kwa chochote kilichokuwa karibu — mwiko, kiatu, waya wa pasi. Na basi lile lilikuwa la Baba, ndilo aliloendesha kupeleka watoto wa bonde zima shuleni. Mama akichachamaa, Baba alitubeba na mablanketi yetu mpaka ndani ya basi, akawasha injini tupate joto, akatuimbia mpaka tukalala. Lonnie alijifunza kuimba mle. Mle mle!

Mama alifariki tukiwa bado wadogo. Kanisani hakuna aliyejua kitu. Baba alihakikisha.

Jumapili, 16 Juni

Siku ya Akina Baba. Mchungaji aliwaita kina baba wote mbele waombewe. Baba alipotoka, watu wa benchi letu walivuta miguu kumpisha, wakawa wanaangalia sakafu.

Baada ya ibada Wilma Napier alinikumbatia. Maskini mtoto, akasema, laiti tungejua. Kisha akaninong'oneza: "Na miaka yote ile alikuwa akiwaendesha watoto wetu amelewa?"

Nikamwambia Baba hanywi, hakuwahi kunywa. Akanipapasa bega. Nikaona nimezidi kutia huruma — binti anayemtetea aliyemtesa.

Jumatano, 19 Juni

Jarida moja la muziki limeipa nyota zote. "Ukweli usiopakwa rangi," wameandika. Nimelisoma dukani nikiwa nimesimama. Nikalirudisha rafuni kichwa chini.

Mwenye kituo cha mafuta alimuuliza Baba kama yeye ndiye yule wa kwenye nyimbo. Baba akajibu kwamba ndiye. Basi. Akaweka mafuta, akarudi nyumbani.

Jumamosi, 22 Juni

Hatimaye Lonnie amepokea simu. Nyuma yake kelele, watu wanacheka, glasi zinagongana. Nikamwambia atoke nje. Akatoka.

Hakukataa. Alisema mwanzoni aliandika kama ilivyokuwa, Mama na yote. Prodyuza akasikiliza hadi mwisho, akamwambia hakuna atakayeimba naye wimbo wa mama anayepiga watoto. Baba mlevi kila mtu anamfahamu. Abadilishe tu, maumivu ni yale yale.

"Na Baba yetu je?" nikamuuliza.

"Mzee ataelewa, dada. Yeye huelewa siku zote."

Nikakata simu. Ningeweza kumsamehe kama angekuwa amesahau. Lakini anakumbuka! Alikaa akapima nani wa kumtoa kafara, akamchagua yule asiyejua kugomba.

Jumanne, 25 Juni

Mwandishi wa gazeti la kaunti amepiga, anataka kuzungumza na familia. Nikamwendea Baba kibarazani, alikuwa akikatakata maharage mabichi. Nikamwambia tuseme ukweli, tumalize.

Akakata maharage kadhaa kwanza. "Ukweli wa nani? Kwamba alikuwa Imogene?"

Nikasema ndiyo. Kwamba alikuwa Mama.

"Mimi nipo. Wakinitazama vibaya, naweza kwenda zangu nyumbani. Yeye hana pa kwenda, Reva."

Halafu, akichukua haragwe jingine: "Lakini mtoto anajua kuimba."

Nilikwenda nyuma ya banda la kuku nikalia. Nina hasira na Lonnie. Nina hasira na Mama, na safari hii na Baba pia, kwa kuwa mwema kiasi cha kuniacha mimi peke yangu na haya yote.

Jumatano, 3 Julai

Lonnie kafika na msafara wake. Kesho, sikukuu ya uhuru, ataimba uwanja wa maonyesho. Amenenepa kidogo. Akamkumbatia Baba kwa muda mrefu, nami nikatazama pembeni kwa sababu lilikuwa kumbatio la kweli.

Kisha akatoa mpango wake. Wimbo wa mwisho atamwita Baba jukwaani, amsamehe mbele ya watu. Kutakuwa na kamera. Baba akauliza kama atatakiwa kusema chochote.

"Huna haja ya kusema kitu, mzee. Inamisha kichwa tu."

Baba akasema hilo analiweza.

Mimi nimeombwa kuitikia kiitikio, dada na kaka, kama zamani. Nikakubali upesi mno. Lonnie alifurahi hata hakushangaa.

Alhamisi, 4 Julai

Alasiri. Nimepewa kipaza sauti changu mwenyewe, tulijaribu asubuhi. Nilisema "moja, mbili" na sauti ikafika mpaka kwenye mabanda ya ng'ombe. Wanasema watu wamekuja hata kutoka Ohio. Wilma ameshikilia kiti cha mbele.

Sasa tumerudi kubadilisha nguo. Baba ameshavaa. Ameshawasha pikapu, ameizima, amerudi ndani. Amesimama mlangoni pangu, kofia mkononi. Amenitazama sana.

"Reva, mwanangu. Niahidi utaimba tu, hutasema kitu."

Nimemwambia natafuta viatu.

Anangoja. Viatu ninavyo miguuni, na anaviona.