Sahani Niliyompokonya Mama Mdogo

Namuwongo, Kampala
Jumapili, tarehe 9, mwezi wa sita

Mama,

Leo ni miaka minne na miezi miwili tangu nitoke Uvira, na mitano tangu tukuzike. Nakuandikia nikiwa nimeketi wima, maana nikiinama nyongo inapanda hadi kooni. Hata kulala nalala nusu nimekaa, mgongo kwenye gunia la maranda.

Mama, walinipasua. Ni mwaka sasa. Ugonjwa ulianza kama wako: matonge mawili ya bugali nimeshiba, kisha kutapika, kisha choo cheusi kama masizi. Daktari akaniuliza kama nyumbani kuna mtu aliyekufa hivyo. Nikamsimulia habari zako zote. Akasema, "Hiyo ni kansa ya tumbo, ndugu yangu. Yako, na inaelekea ya mama yako pia." Hakusema sumu. Nilimwuliza mara mbili.

Mdogo wako Vumilia ndiye aliyekupikia miezi yote ile. Siku ulipotapika sombe yake ya majani ya muhogo nilimpokonya sahani mbele ya majirani, nikaimwaga uani. Nikamwambia, "Umemmaliza dada yako, sasa unatutaka na sisi?" Wewe ulikuwa kwenye mkeka unatikisa kichwa. Nilidhani ni maumivu. Msibani sufuria yake ilikaa imefunikwa hadi jioni, hakuna aliyeigusa. Mpaka leo, nasikia, hakuna mtu anayekula kwake.

Mama, mimi ndiye niliyefanya hivyo.

Mfuko wa tumbo langu waliuondoa wote, na njaa ikaenda nao. Sasa nakula kwa kutazama saa, mara sita kwa siku, vijiko vitano hivi. Nikizidisha, au nikinywa chai ya sukari, jasho linanitoka, moyo unakimbia kama nimepandisha gunia ghorofani, halafu tumbo la kuendesha. Nalala chini mpaka lipite. Kuna sindano ya kuongeza damu, nitadungwa hadi nife. Suruali niliyotoka nayo nyumbani naifunga kwa kamba ya katani.

Magunia sibebi tena. Nakaa mlangoni pa stoo nashona midomo ya magunia kwa sindano ya shazia. Wenzangu wanakula posho, ndiyo bugali ya huku, na maharage sahani moja, mimi najitenga na kikombe changu, na unajua kwetu anayekula peke yake huitwa mchawi. Okello, niliyebeba naye miaka yote, ananitania: "Mukongomani, unakula kama mkwe mgeni!" Nacheka naye. Kisha nazunguka nyuma ya stoo, nalia. Asubuhi nyingine sioni sababu ya kijiko cha kwanza. Daktari hakuniahidi kwamba ugonjwa hautarudi.

Nilimtumia Mama Mdogo neno kwa mwanamke mmoja mwuza vitenge anayekwenda Uvira. Nilimwambia amweleze kila kitu, aniombee msamaha. Alirudi na jibu fupi: "Mwambie aje ale."

Basi. Hakulaani, hakuuliza kitu. Na mimi tangu siku hiyo sina amani, Mama, kwa sababu nikila kwake jasho likanitoka, nikalala chini uani palepale nilipomwaga chakula chake, watu watasema nini? Nikifa mwezi huohuo je? Nitakuwa nimemzika akiwa hai mara ya pili. Nilifikiri heri nisiende kabisa, nifie huku Namuwongo kando ya reli. Lakini nisipokwenda, sufuria yake itabaki imefunikwa.

Nakukumbuka ukinipulizia uji, ukisema, "Polepole, hakuna anayekunyang'anya." Sikujua kwamba nitakuja kuyahitaji maneno hayo kila siku, mtu mzima.

Pumzika, Mama. Nitafika mwezi wa nane, kabla mvua hazijaanza. Unisamehe, sitaanzia kaburini kwako, nitaanzia mlangoni kwake. Nitawaita majirani walewale, nitavua shati waone mshono kuanzia kifuani hadi kitovuni, nitawaambia jina la ugonjwa, wako na wangu. Nitawaeleza mapema kwamba jasho ni la kisu cha daktari. Halafu nitapokea sahani kwa mikono miwili. Vijiko vitatu, polepole. Nikianguka, nitakuwa nimeshasema.

Mwanao,
Baraka