Vilalio vya Visu vya Baba

Kathonzweni,
S.L.P. 7, Wote.
14 Septemba 1974

Mpendwa kaka Kilonzo,

Pokea salamu zetu sote. Vipi joto la Mombasa, na kile kifua kimepona? Sisi hatujambo, ila macho ya Baba yanazidi kuingia ukungu. Mbaazi tumevuna vizuri.

Barua yako ilifika wiki ile ile watu walipoanza kumsema Baba. Ulitaka nimwambie Baba avitupe vile vilalio vyake vya kulazia visu mezani kabla havijatuletea aibu. Sikumsomea. Ngoja nikueleze yaliyotokea.

Aliyeanzisha ni jirani yetu Muthoki. Alikuja kuazima ungo, akamkuta Baba ameketi kwenye ngozi, amefumba macho, amemwaga vile vitu kutoka kwenye kiondo na kuvipapasa kimoja kimoja huku akinong'ona. Mkamba gani angeona hivyo asiseme mzee anapiga ramli? Kumbe alikuwa akivitambua tu: hiki kioo, hiki fedha, hiki pembe.

Jumapili wazee wa kanisa wakamkataza Meza ya Bwana mpaka ajieleze. Baba, shemasi kwa miaka kumi na tisa! Siku mbili hakugusa chakula. Niliumia sana, kaka.

Siku ya tatu akaniambia nichinje jogoo, akawaalika wazee wote wanne. Walikuja, lakini waliketi mikono magotini, hakuna aliyegusa hata maji.

Ungemwona Baba wetu! Alitandika kitambaa cheupe cha marehemu Mama, akapanga sahani kama alivyokuwa akiwapangia Wazungu wa Ulu kabla hawajahama. Kando ya kila sahani akaweka kilalio kimoja, kijiti kifupi chenye vichwa viwili. Akakata kuku, akalaza kisu chenye mchuzi juu ya kilalio, kisha akakiinua. Kitambaa hakikuwa na doa.

"Kazi yake ni hiyo tu," akasema. "Kulinda kitambaa."

Mzee Kiema, aliyekuwa mkali kuliko wote, akachukua kimoja na kuuliza kama ni fedha kweli. Hapo Baba akachangamka. Akamwonyesha kisimba kidogo kilichogongwa chini, alama ya fedha halisi. Kingine kimepakwa tu, maana shaba imechungulia pale kilipolika. Cha kioo kilichokatwa kwa mkono kina kingo kali. Cha kumiminwa kina mshono. Yote hayo kwa vidole! Wazee wakasahau walichojia, wakawa wanapokezana. Mimi nilisimama mlangoni na bakuli la mchuzi, najivuna utadhani nilivitengeneza mimi.

Kiema alikula akashiba, na kisu chake akakilaza mahali pake taratibu. Jumapili iliyofuata ndiye aliyempa Baba mkate.

Sasa sikiliza. Wageni walikuwa wanne, na Baba mwenyewe alisimama akiwahudumia, lakini alipanga sahani tano. Kwenye ya tano aliweka kile cha pembe, ulichomnunulia kwa mshahara wako wa kwanza. Kiema akauliza hiyo ni ya nani.

"Ya mwanangu Kilonzo," Baba akasema. "Alinipa hiki bila kuniuliza ni cha nini."

Nilirudi jikoni nikaitia barua yako motoni.

Nisalimie shemeji Kasyoka na Jonah mdogo. Mungu awafunike na kuwalinda huko mliko. Krismasi usikose, maana sahani yako Baba amenikataza kuitoa mezani.

Dada yako akupendaye,
Nzilani