Magazini Mpya Zimenishinda, na Shabaha ni Wiki Tatu Zijazo

Mama Mong'ina mpendwa, naomba unisikize mpaka mwisho kabla hujanikemea, kwa maana wasikilizaji wote tunajua ulikuwa sajini wa polisi na ulitunza ghala la silaha miaka mingi kabla ya kuingia redioni, na jambo langu siwezi kumwambia mtu ambaye hajawahi kushika bastola.

Mimi ni konstebo hapa Homa Bay, mama wa watoto wawili, na miaka minane nimekaa kwenye dawati la kituo nikiandika malalamiko ya ng'ombe waliopotea, hadi mwaka jana nikapata nafasi niliyoililia, kuwalinda mahakimu wanaposafiri kusikiza kesi, nikapewa bastola, na nakuambia mama, siku hiyo nilitembea kama nimeokota dunia. Shida yangu ni magazini, kile kisanduku cha risasi kinachoingia kwenye mpini. Tuliletewa mpya, springi zake ngumu ajabu, zinabeba risasi kumi na tano lakini mimi nikifika ya tisa kidole gumba kinakufa ganzi, ya kumi inaniruka, na wanaume wenzangu wanajaza huku wakipiga stori. Kwa aibu nilimwomba mwenzangu Nashon anijazie, tukawa tunajificha nyuma ya tangi la maji kila asubuhi, yeye anajaza, mimi nachungulia kama kuna mtu anakuja, mpaka watu wakaanza kusema tuna mambo yetu, maneno yakamfikia mume wangu, akaniuliza, nikageuza mazungumzo, kwa sababu ukweli wenyewe ulikuwa unaniaibisha kuliko huo uvumi.

Sasa Nashon amehamishwa Kehancha, na baada ya wiki tatu tuna mtihani wa shabaha, afande ametangaza kila mtu atajaza magazini zake mbili mwenyewe mbele ya wote, na atakayeshindwa atarudisha bastola. Juzi nikapata wazo, nikapaka risasi mafuta ya kujipaka ili ziteleze, na kweli zikateleza, lakini kwenye mazoezi mchanga ukashika kote na bastola ikakwama mara tatu, na Konstebo Bichage akasema watu wakisikia, "Dada, hii kazi si ya mikono ya kukanda chapati." Nilicheka pamoja nao, kisha nikaenda kulia chooni. Je, niombe kurudi dawatini mapema nisije nikaaibika, ama nifanyeje?

Mwenye Gumba Lililovimba

*

Gumba Lililovimba, pole sana. Gumba hilo nalijua, nilikuwa nalo mimi mwenyewe mwaka wangu wa kwanza. Huruma yangu inaishia hapo.

Ulipaka risasi mafuta. Ulikuwa unazipeleka kanisani siku ya Sabato? Nenda leo kwa mtunza ghala, mwambie ulichofanya, risasi hizo azitoe kazini, na magazini zifunguliwe, zisafishwe, zikaushwe. Na huyo Nashon, siku mkishambuliwa njiani na hakimu yuko nyuma yako, ungemngoja afike kutoka wapi aje akujazie? Ulikuwa umebeba nusu ya silaha, na ulijua. Mumeo naye amelala na uvumi huo kwa sababu ya kiburi chako. Mwambie leo, kabla ya chakula, na umwonyeshe kidole.

Sasa tuingie kazini. Wewe umekua ukipukuchua mahindi kama sisi wote. Umeona mtu akimaliza gunia kwa ncha ya gumba? Gumba hufungua mstari wa kwanza tu, kisha kiganja kinasukuma, na nguvu inatoka begani. Hao wanaume hawana vidole vya chuma. Wana uzito, na hata hawajui kwamba wanautumia.

Simama, usikae. Weka magazini juu ya meza imara, kitako chini. Risasi iliyo juu ikandamize kwa ubavu wa gumba la kushoto, mkono umenyooka, uache mwili ushuke nao. Springi ikishuka kidogo, mkono wa kulia uingize risasi nyingine kutoka mbele, uitelezeshe kurudi nyuma chini ya midomo ya magazini, zile kingo mbili za juu. Wewe umekuwa ukisukuma risasi juu ya risasi kwa nguvu, na ndiyo maana kidole kinakufa. Fanya mazoezi kwa risasi bandia, hapo ghalani, mtunzaji akiona, mara kumi asubuhi na mara kumi jioni. Mwombe pia aziache magazini zako zimejaa humo ghalani siku kadhaa, kwa kuwa springi mpya hulegea kidogo zikizoea. Na usiikate springi, hata ukishauriwa na nani.

Dawatini usirudi. Kidole kikipona, niandikie.

*

Mama Mong'ina, leo sijifichi, soma jina langu hewani.

Mume wangu alipoona kidole alicheka mpaka akakaa chini, kisha akachemsha maji, na wiki zote tatu amekuwa akinikanda gumba kila jioni. Asubuhi nilikuwa ghalani kabla ya gwaride. Siku nne za kwanza nilikuchukia, ya tano risasi ya kumi na tano ikaingia.

Jana ndiyo ilikuwa siku. Wenzangu wote walikaa kwenye viti, mimi nikasimama. Ya tisa ikaingia, ya kumi ikaingia na sikuisikia, na nilipoweka magazini ya pili mezani Bichage alikuwa bado anahangaika na ya kwanza, jasho likimtiririka. Nikapiga risasi thelathini, haikukwama hata moja, na ishirini na saba zilikuwa ndani ya duara. Mama, nilisikia furaha mpaka nikayahesabu matundu mara mbili.

Afande akaniuliza, "Bitutu, umefundishwa wapi?" Nikamweleza yote, Nashon, tangi la maji, mafuta, watu wote wakisikiza. Nilidhani watacheka. Konstebo Maranga, jitu la kimo cha mlango, akainua mkono. "Afande, mimi pia huwa najaziwa na Nashon." Wa pili akainua. Wa tatu alikuwa Bichage, akiangalia viatu vyake. Kumbe Nashon alikuwa anazunguka kituo kizima, na kila mmoja wetu alidhani yuko peke yake.

Badala ya kuwanyang'anya bastola, afande amewapa hao watatu wiki mbili warudie mtihani, na mwalimu ni mimi. Tunaanza Jumatatu saa mbili asubuhi, na nimewaambia waje wamekata kucha.

Konstebo Bitutu Okari, Homa Bay