Mfuko wa Nyama Uliorudi Shuleni Jar-Bashat

KITUO CHA POLISI CHA WILAYA
MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Nurzada Esenbekova
Umri: Miaka 27
Kabila: Mkirgizi
Kazi: Mpishi wa shule
Makazi: Kijiji cha Jar-Bashat, kwa wakwe zake
Tarehe: 27 Mei 2024
Mwandishi wa maelezo: Luteni Ulan Kerimov

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu. Nina watoto wawili: Saikal, aliye darasa la tatu katika shule hiyohiyo ninayopikia, na huyu mchanga niliyekuja naye. Mume wangu yuko Urusi kwenye kazi za ujenzi. Mwalimu Mkuu, Bwana Kubat Sadirov, ni kaka wa mama mkwe wangu, na ndiye aliyenipa kazi jikoni. Nimeelezwa kwamba amemshtaki mkaguzi, Bi Meerim Tashtanova, kuwa alidai achinjiwe kondoo na apewe nyama ndipo aiandikie shule vizuri. Nitasema niliyoyaona.

Mnamo tarehe 14 Mei, siku ya Jumanne, nilifika jikoni alfajiri. Kondoo alikuwa ameshachinjwa tangu jana yake jioni, kabla mkaguzi hajafika wala hatujaijua sura yake. Ndivyo shule inavyofanya kila ukaguzi. Wakaguzi wa zamani walitoka ofisi ya elimu ya wilaya, na mkubwa wao amemwoza binti yake kwa mtoto wa Mwalimu Mkuu. Wakija wanakula, wanafungiwa nyama ya njiani, wanaondoka. Safari hii tuliambiwa anakuja mtu wa shirika huru la ukaguzi, asiye chini ya wilaya. Mimi niliosha matumbo, nikabandika sufuria kama siku zote.

Mkaguzi alifika kama saa tatu asubuhi, peke yake, akiendesha gari mwenyewe. Nilikuwa namimina chai wakati Mwalimu Mkuu anamuuliza ukoo wa baba, kisha wa mama, akipanda mpaka kwa mababu.

"Lazima tuna undugu mahali, binti yangu."

"Hatuna, mzee. Nilishauliza nyumbani kabla sijaja."

"Basi kwa upande wa mume."

"Sina mume."

"Hilo tutalitafutia dawa, vijana tunao." Walimu wakacheka, na yeye mkaguzi akacheka.

Alimega mkate akala, maana kukataa mkate ni tusi. Nyama hakuigusa. Alisema, "Mkate wako nimekula, mzee. Nyama nikila, nitashindwa kuandika." Nilisikia vizuri kwa sababu sahani ilikuwa mikononi mwangu.

Baadaye nilipeleka uji darasa la tatu. Nilikuta somo halijaisha, nikasimama mlangoni. Mkaguzi alikuwa amekaa nyuma. Mwalimu Tursunai aliuliza nani atasoma ubaoni, na darasa zima likainua mikono. Hapa naomba nieleze. Kwetu mgeni akija darasani, watoto huwa wamefundishwa kwamba anayejua ainue mkono wa kulia, asiyejua ainue wa kushoto. Mgeni anaona wote wanajua, na mwalimu anachagua wa kulia tu. Hata mimi nilisoma hivyo. Saikal aliinua wa kushoto.

Mkaguzi aliomba achague yeye. Akamnyooshea kidole Saikal. Saikal hakusimama.

"Huyo ana aibu, chukua mwingine," Mwalimu Tursunai akasema.

Mkaguzi alikwenda akachuchumaa karibu na dawati. "Umeinua mkono, kipenzi, mbona husimami?"

Mwanangu akamjibu, "Sisi wa kushoto huwa hatuulizwi."

Mtoto mmoja alicheka. Mkaguzi hakucheka. Alisema, "Basi leo naanza na ninyi," akawasomesha mmoja mmoja, kila mtu mstari wake. Saikal alisoma maneno mawili akanyamaza. Mkaguzi alimngojea. Alimngojea muda mrefu kuliko mimi ninavyomngojea nyumbani. Uji ulinipolea mikononi.

(Hapa niliomba nimnyonyeshe mtoto. Luteni alitoka akaniachia chumba, kisha tukaendelea.)

Mchana, kama saa nane, Mwalimu Mkuu Msaidizi, Bi Gulsara, aliniita. "Mkwe wetu, funga ile nyama uipeleke kwenye gari la mgeni."

Nikamwambia mgeni amekataa.

"Mgeni gani asiyekataa kwanza? Kwenu hamkufundishwa? Weka nyuma ya kiti, funika na koti lake."

Milango ya gari haikufungwa kwa ufunguo, huku kwetu hakuna anayefunga. Niliuweka mfuko. Mkaguzi wakati huo alikuwa ofisini na walimu, hakuniona. Bi Gulsara aliufunua, akaupiga picha kwa simu, akaufunika tena. Nilimuuliza picha ya nini. Akasema, "Ya kumbukumbu tu." Nikarudi kuosha vyombo.

Kesho yake asubuhi dereva wa gari la abiria kutoka mjini aliniletea mfuko uleule jikoni. Alisema amepewa na mwanamke wa ukaguzi aurudishe, pamoja na salamu kwamba mkate ulikuwa mtamu. Fundo lilikuwa langu. Nafunga kama baba yangu alivyokuwa akifunga tandiko la farasi, na halikuwa limefunguliwa. Nilimwambia Mwalimu Mkuu. Akasema niwapikie watoto. Kwa hiyo nyama hiyo kama inatafutwa, watoto waliimaliza, na mchuzi pia.

Tarehe 23 Mei ripoti ilisomwa mbele ya wazazi. Inasema nusu ya darasa la tatu hawajui kusoma. Watu walikasirika, walisema mwanamke huyo ametuvua nguo mbele ya mji mzima. Mwalimu Tursunai alilia.

Jumamosi jioni Mwalimu Mkuu alikuja nyumbani kwetu. Nilimpa chai. Akasema, "Mkwe, polisi wakikuita, sema alikuomba nyama mwenyewe. Neno moja tu. Ripoti itafutwa, watakuja watu wa wilaya, tutakaa kama zamani."

Mama mkwe akaniambia, "Mjibu mjomba wako."

"Mjomba, nitasema nilichokiona."

"Jikoni nani alikuweka?"

"Ni wewe, mjomba."

"Basi unajua." Akaondoka, chai akaiacha nusu. Tangu hapo mama mkwe hajasema nami, lakini leo asubuhi ndiye aliyemvalisha mtoto nguo za safari.

Sina ugomvi na mjomba. Amenisaidia, na kazi hii naihitaji. Nimechoka tu. Ukaguzi wa mwaka jana ulisema darasa la Saikal linasoma vizuri, na wa mwaka juzi vilevile. Mimi ndiye ninayekaa naye jioni na kitabu, anaangalia mdomo wangu badala ya kuangalia maandishi. Nikadhani kasoro iko kwangu, au kwake, maana shule inasema wote wanajua. Huyu mkaguzi ni mtu wa kwanza kuandika kwamba mwanangu hajui kusoma. Tangu ripoti isomwe, Mwalimu Tursunai anawabakiza wale wa mkono wa kushoto baada ya masomo, na Saikal yumo. Ripoti ikifutwa, kwenye karatasi mwanangu atakuwa anajua kusoma tena, na hakuna atakayembakiza.

Hayo ndiyo niliyoyaona na kuyasikia mwenyewe. Nimeyatoa kwa hiari yangu.

Sahihi ya shahidi: N. Esenbekova

Maelezo ya afisa: Nimeandika kama shahidi alivyosema. Alipewa karatasi akazisoma mwenyewe, akatia sahihi kila ukurasa. Ameelezwa kuwa anaweza kuitwa mahakamani, akakubali. Mlalamikaji, Bwana Sadirov, alikuwa kwenye korido akisubiri. Shahidi alipopita alimwinamia, kama mkwe anavyomwinamia mkubwa wa nyumba. Hakuitikiwa.

Luteni U. Kerimov